Mvumo wa Mtukufu Sikio

"Friji haiwezi kusikika mpaka ikulu, Sajini. Ni kilomita kumi na nne!"

"Imesikika, mama. Ipo kwenye ripoti."

"Imesikika na nani?"

"Na Sikio."

"Basi Sikio aje mwenyewe anionyeshe inavyonguruma, maana mimi nalala nayo chumba kimoja na siisikii!"

Tulikuwa tumeshabishana hivyo nusu saa nzima. Sajini Lukwaro alisimama katikati ya chumba changu na nyundo ya kilo saba begani. Askari wake wanne wa Kikosi cha Umeme Safi walijaa mlangoni, wakila maandazi niliyokuwa nimepika. Siwalaumu. Walikuwa kazini tangu alfajiri, na kuvunja vitu vya watu kunatia njaa.

Asubuhi ile walikuwa wameshapita kwa jirani yangu Malekano, mchomeleaji wa mageti. Walimwambia cheche za mashine yake zinachafua umeme wa taifa. Akauliza cheche zinarudije kinyumenyume kwenye waya hadi ikulu. Swali zuri, na serikali yetu haipuuzi maswali. Walimbana vidole kwenye jiliwa yake mwenyewe ya kubania vyuma, kimoja baada ya kingine, huku wakimweleza. Walipofika kidole cha sita alikuwa ameelewa kabisa.

"Sajini, mwanangu," nikamwambia, nikajaribu upole. "Hii laini yetu ni moja na ya hospitali. Binti yangu Mwajabu yuko pale, wodi ya watoto, anapumua kwa mashine. Ana miaka tisa. Vunja friji, sawa, nitakula mboga za siku hiyo hiyo. Lakini niambie kweli: laini mnaikata?"

Akashusha sauti, maana hakuwa mtu mbaya nje ya saa za kazi. "Ni laini ya mwisho nchini, mama. Tumeambiwa tuvunje kila kitu kilichochomekwa humu. Saa kumi Mtukufu akisikiliza na mvumo bado upo, basi hospitali inakatwa yote."

Hapo ndipo nilipokosea. Mimi nina stashahada ya umeme, miaka mitatu chuoni, na mtu mwenye stashahada hawezi kuvumilia upuuzi muda mrefu.

"Mvumo hautoki hospitali!" nikapiga kelele. "Redio yake inavuma kwa sababu waya wa ethi haujafukiwa ardhini! Afukie waya wake atuache tupumue!"

Andazi lilimdondoka askari mmoja mdomoni. Sajini alinitazama kwa huzuni, akageuza nyundo, akanipiga na mpini wake taya la kushoto. Meno mawili yalitoka. Kisha akaigeuza tena, akavunja friji kwa mapigo kumi na moja, nami nikafungwa mikono na kutupwa kwenye gari.

Msomaji asiyeishi kwetu atahitaji kuelezwa kosa langu lilikuwa nini.

*

Kiongozi wetu anaitwa Mtukufu Sikio la Taifa. Alijipa jina hilo mwaka alioichukua nchi, ili kila mwananchi ajue kwamba kilio chake kinasikika. Na kweli kilisikika. Waliolia walifuatwa nyumbani kwao siku hiyo hiyo.

Kitu anachokipenda kuliko vyote ni kusikiliza hotuba zake. Kwa ajili hiyo aliagiza mitambo ya sauti kutoka nje: spika mbili ndefu kama makabati ya nguo, amplifaya nne za dhahabu, na kiti kimoja. Hakuna kiti cha pili katika ukumbi ule. Kila siku saa kumi alasiri huketi, hufumba macho, na husikiliza nusu saa. Katika nusu saa hiyo ni marufuku ndani ya ikulu kutoa sauti yoyote. Walinzi hutoa risasi kwenye bunduki na kuvua viatu. Mpishi mmoja alipiga chafya jikoni, nyuma ya kuta tatu, akashonwa pua.

Siku ya kwanza mitambo ilipowashwa, kabla ya hotuba kuanza, spika zilitoa sauti ndogo: mmmmmm.

Mtukufu akafumbua macho. "Nani ananung'unika?"

Wakachapwa wafanyakazi wote wa ikulu, mia mbili na kumi, na wawili wakafa. Mvumo ukabaki. Wakachapwa wananchi wa mitaa ya karibu. Mvumo ukabaki, ukazidi kidogo.

Aliyeokoa jahazi ni Daktari Ndimbo, ambaye ni daktari wa ng'ombe. Alieleza mbele ya Baraza la Mawaziri kwamba umeme, kabla haujafika ikulu, hupita kwanza kwenye nyumba za watu. "Huko," alisema, huku akifuta miwani, "unaingia kwenye pasi za wavivu, kwenye taa za walevi, kwenye mashine za kusagia za watu wenye chuki. Unatoka umechafuka, Mtukufu. Unakuja kukuletea tabia zao." Baraza lilisimama likapiga makofi dakika nane. Jioni hiyo Ndimbo alikuwa Waziri wa Utakaso wa Umeme.

Wizara ilinunua mtambo uitwao Kitakaso, mkubwa kama malori matatu yaliyopandana, ukafungwa ubavuni mwa ukumbi wa kusikilizia. Umeme wote wa nchi ulipitishwa humo kwanza, na kila wilaya ikapewa swichi yake ya mkono. Nyaya zilitengenezwa kwa fedha tupu, kwa kuwa shaba ilionekana ina sauti ya kishamba. Fedha ilipatikana kwenye pete za ndoa za wananchi, waliozichangia kwa hiari milangoni mwao. Pete zilizogoma kutoka zilitoka na vidole.

Mvumo ukabaki. Basi kila saa kumi Mtukufu aliposikia mmmmmm alinyanyua kidole kimoja bila kufumbua macho, na wilaya moja ikazimwa. Ya wavuvi ikazimwa, samaki wakaoza, watu wakaja juu, wakapigwa risasi. Ya wakulima wa mpunga ikazimwa, pampu zikasimama, watu wakaja juu, wakapigwa risasi. Mimi nasema tu yaliyotokea. Kwenye gazeti iliandikwa kwamba ubora wa sauti umepanda kwa asilimia arobaini.

Injinia Kasubi, aliyenifundisha chuoni, ndiye pekee aliyesema ukweli mapema. Kila mtambo wa umeme unahitaji waya unaoshuka ardhini, na mwisho wa waya huo ni nondo ya shaba inayofukiwa kwenye udongo, ili umeme unaovuja upate pa kwenda. Hiyo ndiyo ethi. Bila ethi mitambo huvuma. Somo la wiki ya pili.

Lakini kwetu kuna Sheria ya Kutofukiwa. Miaka mingi nyuma mganga mmoja alimwambia Mtukufu kwamba siku kitu chake kitakapofukiwa ardhini, na yeye atafuata. Tangu hapo hakuna cha kwake kinachoingia udongoni. Meno yake yaliyong'olewa yako kwenye sanduku la kioo. Mbwa wake waliokufa wamesimamishwa kwenye jokofu kubwa la ikulu, kumi na tisa, wakiwa na mikanda yao. Mabomba ya choo chake hayapiti chini, yanapanda ukuta na kuvuka bustani hewani, na wageni wa kimataifa huambiwa ni sanaa. Nondo ya ethi basi, kwa kuwa ni ya kwake, haikufukiwa. Ililazwa juu ya mto wa mahameli mwekundu, veranda, na waya wake mrefu ukaviringishwa pembeni kama mkufu. Askari aliwekwa kuipangusa kila siku kwa kitambaa cha maji. Askari wanne walianguka wakafa wakiipangusa. Tuliambiwa heshima iliwazidi.

Injinia Kasubi alipomaliza kueleza, alipigwa risasi palepale, na kwa kuwa alikuwa ametaja kufukia, mwili wake ulichomwa, asije akafukiwa kwa kejeli.

Sasa unaelewa kwa nini andazi lilidondoka.

*

Hawakuniua kwa sababu ya upungufu wa mafundi. Waziri Ndimbo mwenyewe alinieleza hivyo, saa tisa na nusu, akinitembeza veranda ya ikulu. Walikuwa wamenifungua mikono, na damu ilikuwa imenikaukia shingoni. Sajini Lukwaro alifuata nyuma na nyundo yake, akiwa ameambiwa asiniache hatua moja.

"Wewe ni wa sita," Waziri alisema. "Watano waliotangulia walikuwa na lugha chafu. Nasikia una stashahada."

"Ninayo, Mheshimiwa."

"Basi tengeneza. Ila neno lile usiliseme."

"Naweza kusema udongo?"

Akafikiri. "Udongo unaweza."

"Hii nondo iguse udongo, Mheshimiwa. Iingie futi tatu, mvumo utakoma, na hospitali ibaki na umeme wake. Kazi ya dakika mbili."

Waziri alifurahi sana. Alipiga kofi, ukaletwa mtungi wa maua wenye udongo, ukawekwa mezani. "Iguse huo!"

"Huo udongo uko mezani, Mheshimiwa. Nataka ule wa chini. Ule tunaoukanyaga."

"Mama," alisema taratibu, na akanipiga kofi palepale penye taya bovu, bila hasira, kama mtu anayefunga dirisha. "Huo wa chini ndiko kwenyewe. Huoni? Unaniletea neno lile kwa mlango wa nyuma."

Akanionyesha Kitakaso. Zilikuwapo swichi themanini na moja za mkono, zimeandikwa majina. Sabini na tisa zilikuwa chini. Mbili zilikuwa juu: HOSPITALI NA MTAA WAKE, na IKULU.

"Utasimama hapa. Mtukufu akinyanyua kidole, utashusha hii ya kushoto. Ni heshima kubwa, mwananchi wa kawaida kushusha swichi ya mwisho. Nimekuandalia na cheti."

"Na watoto walio kwenye mashine?"

"Watasikia ukimya," Waziri alisema. "Wengi wetu hatujawahi kupata nafasi hiyo."

Nilimtazama Sajini. Alikuwa anaangalia vidole vya miguu yake, maana walikuwa wameshavua viatu.

*

Saa kumi kamili Mtukufu Sikio aliingia. Ni mtu mfupi, mwenye masikio ya kawaida. Alikuwa peku, kwa kuwa kanuni ile aliitunga mwenyewe na kusema kweli aliifuata. Akaketi, akafumba macho. Walinzi arobaini walitoa risasi na kuzimimina kwenye vikapu vya pamba. Milango ya veranda ilikuwa wazi, na bustani ilikuwa imemwagiliwa muda si mrefu, majani yanametameta kwa jua.

Spika zikaanza: mmmmmm.

Kidole kikanyanyuka.

Waziri akaniashiria kwa macho. Niliweka mkono kwenye swichi ya hospitali. Mwajabu huvuta pumzi kwa sauti kama ya mtu anayekunja karatasi. Mashine ikisimama ana dakika tano, nesi alishaniambia.

Nikaondoa mkono.

Nilikuwa na kandambili za mpira miguuni, kwa kuwa nilikamatwa nyumbani. Kwa kuwa ni za mpira na hazitoi sauti, hakuna aliyezivua. Nilichukua nondo pamoja na mto wake wa mahameli, nikaishika kwa kitambaa kikavu cha kichwani, nikashuka ngazi nayo bustanini. Waya ulinifuata ukifunguka.

Walinzi arobaini waliniona. Hakuna aliyeweza kupiga kelele. Hakuna aliyeweza kupiga risasi, wala kunikamata bila purukushani. Mmoja alinitisha kwa ngumi. Mwingine alijikata koo kwa kidole, kunionyesha nitakachofanywa saa kumi na nusu. Waziri Ndimbo aliruka juu na chini bila sauti, peku, mikono kichwani.

Nikachomeka nondo kwenye kitalu cha waridi. Ilihitaji kugongwa. Nikamgeukia Sajini Lukwaro, ambaye alikuwa amenifuata hatua kwa hatua kama alivyoamriwa, na nikamnyooshea mkono. Alitazama nyundo. Alinitazama taya. Akanipa.

Niliweka mto wa mahameli juu ya nondo ili nyundo isipige kelele, na nikagonga. Udongo ulikuwa laini. Mapigo matano, haikusikika hata kama kikohozi.

Na mvumo ukakoma.

*

Ningependa kusema kwamba hapo tulifurahi wote. Mtukufu alifurahi kwa sekunde chache. Uso wake ulilegea kama wa mtoto aliyeshiba. Kisha hotuba ikaanza, ile ya uwanja wa taifa ya mwaka jana, na sauti ilikuwa safi kiasi kwamba ulisikia mate yake yakimezwa. "Ndugu wananchi!" ilisema spika. Makofi yakafuata, makubwa, ya watu elfu sitini.

Na nyuma ya makofi, sasa kwa kuwa hakuna mvumo wa kuyafunika mambo, tulisikia fimbo.

Tak. Tak. Tak. Zilishuka kwenye migongo kwa mpangilio, safu baada ya safu. Tulisikia sauti ya mtu akihesabu. Tulisikia mifupa. Spika ya kushoto ilitoa, wazi kabisa, kama amekaa pale kwenye zulia, sauti ya mama mmoja: "Nimeshapiga, baba! Nimeshapiga makofi! Mikono ndiyo hii, nimeshapiga!" Tak.

Mtukufu akafumbua macho. "Hiyo ni nini?"

Waziri alipiga magoti. "Ni hisia za wananchi, Mtukufu."

"Wanapigwa?"

"Wanahamasishwa."

"Kwa hiyo," Mtukufu alisema, na sauti yake ilikuwa nyembamba kuliko ile ya kwenye spika, "hawakupiga makofi wenyewe? Hata pale niliposema kuhusu mihogo?"

Spika zikafika kwenye mihogo. Tak, tak, tak, tak.

Sijawahi kuona mtu akiumia namna ile. Alishika kifua. Watu elfu sitini walikuwa wanalia sebuleni mwake, naye aliguswa na mihogo. "Rudisheni mvumo!" alipiga kelele. "Mvumo ulikuwa mzuri! Nani ameuondoa?"

Wote wakanyoosha kidole bustanini. Aliona nondo kwenye kitalu cha waridi, imezama nusu. Uso ukamgeuka majivu.

"Ing'oeni!"

Hakuna aliyesogea. Walinzi walikuwa wanahesabu kichwani: kitu chake kimefukiwa, mganga alisema nini kitafuata? Hakuna mtu anayependa kuwa karibu na utabiri unapotimia. Mtukufu alishuka ngazi mwenyewe, peku, akakimbia kwenye majani mabichi yenye maji.

"Mtukufu, usiushike waya kwa mikono mitupu," nikamwambia. "Mitambo ya ukumbini inavuja. Umeme wote unaovuja unapita hapo."

"Wewe ni nani wa kuniambia?"

"Ni fundi. Usiushike, au subiri nikazime ikulu kwanza."

Nilimwambia mara mbili. Naandika hivi kwa sababu watu huuliza.

Aliushika waya kwa mikono yote miwili akavuta. Nondo haikung'oka; mimi nikipigilia kitu kinakaa. Waya ndio uliochomoka kwenye nondo, ukabaki mikononi mwake. Umeme wote uliokuwa ukishuka ardhini kupitia shaba ukatafuta njia nyingine, na pale palikuwa na njia moja tu, yenye miguu miwili kwenye maji. Mikono ilikaza. Magoti yalipiga. Moshi mdogo ulitoka kwenye masikio, kwanza la kulia, kisha la kushoto. Na koo lake lilitoa sauti moja ndefu ambayo sote tuliitambua, kwa kuwa tulikuwa tumeizoea: mmmmmm.

Nilipanda ngazi nikashusha swichi ya IKULU. Hotuba ikakatika katikati ya neno. Akaanguka kwenye waridi.

*

Saa kumi na dakika ishirini, Waziri Ndimbo aliitisha kikao cha dharura palepale majanini. Hoja ilikuwa moja. Sheria ya Kutofukiwa ilisema hakuna cha Mtukufu kitakachoingia ardhini, na mwili wake bila shaka ulikuwa wa kwake. Jua lilikuwa kali. Nzi walikuwa wameshafika, bila mwaliko.

"Awekwe kwenye jokofu na mbwa," alisema Waziri.

"Limejaa, Mheshimiwa," alisema mlinzi. "Na sasa halina umeme."

"Basi rudisheni umeme wa ikulu!"

Nilisimama mbele ya swichi na ile nyundo mkononi. Nilikuwa nimeshavunja mpini wa swichi ya ikulu, na wa hospitali nilikuwa nimeufunga kwa waya ukiwa juu. Hakuna aliyekuja. Mlinzi mmoja alianza kukusanya risasi kwenye kikapu cha pamba, akaona wenzake hawakusanyi, akaziacha.

"Basi apelekwe kwenye friji ya mwananchi," Waziri alisema, jasho likimtiririka. "Lolote. Tafuteni friji moja nzima, yenye umeme, nchi hii!"

Sajini Lukwaro alikohoa. "Tumezivunja zote, Mheshimiwa. Ya mwisho ilikuwa ya huyu mama. Leo saa tano."

Wote wakanigeukia. Waziri wa Utakaso wa Umeme, daktari wa ng'ombe, akaniuliza kwa heshima ambayo sikuwahi kuipata serikalini: "Mama Mwajabu, wewe una stashahada. Tufanye nini?"

Nilitema damu kwanza.

"Tunamfukia," nikasema.

Niliposema neno lile hakuna aliyenipiga. Jembe la mtunza bustani lilikuwa limeegemea ukutani. Nililichukua nikalima pembeni ya nondo, nikatupa udongo kushoto. Kwenye pigo la tatu la jembe taya liliniuma, nikasimama kulishika. Sajini Lukwaro alivua koti la Kikosi, akalitandika kwenye majani, akapokea jembe mkononi mwangu.

"Shimo la ukubwa gani, mama?"

"La kutosha friji," nikamwambia. "Unaujua ukubwa wake."

Akachimba.